Ngeli ya Godoro

Kanisa letu lina huduma nne. Ya kwanza huwatembelea wagonjwa hospitalini, ya pili huenda gerezani kila Jumamosi, ya tatu hukusanya nguo kuukuu na kuzigawa kwa wasio nazo. Ya nne huitwa Huduma ya Magodoro, na waumini wengi huamini kwamba kazi yake ni kukusanya magodoro. Wapo waliokwisha kutuletea ya kwao. Tukayapokea kwa shukrani, tusijue pa kuyaweka.

Ukweli tuliujua watu wanne: mchungaji, mama mlezi wa nyumba, mjukuu wangu ambaye ni muuguzi, na mimi. Huduma ya Magodoro ni nyumba. Ndani yake hukaa wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, mpaka majeraha yapone na mahali pa kwenda papatikane. Nyumba hiyo haitajwi. Mwanamke huitwa godoro, na mtoto wake huitwa mto. Kila robo ya mwaka husomwa taarifa kwamba magodoro kadhaa yamepokelewa, pamoja na mito kadhaa, na waumini huitikia amina.

Nilijulishwa siri hiyo kwa sababu ndimi niliyekuwa msomaji wa taarifa. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na minane. Mtu akisema "kiti yangu" mbele yangu, awe mzee wa kanisa au bwana harusi aliyesimama madhabahuni, nitamngoja mpaka aseme "kiti changu". Nyuma ya mgongo wangu huniita Mzee Ngeli. Najua, na sijawahi kulichukia jina hilo. Mjukuu wangu nilimfundisha kusoma mwenyewe kabla hajapelekwa shule, na sioni haya kusema kwamba katika uzao wangu wote hakuna anayenijaza fahari kama yeye.

Jumapili moja mjukuu wangu alinikabidhi karatasi ya taarifa katika chumba cha mchungaji, dakika chache kabla ya ibada.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyonitania, "soma kama ilivyoandikwa. Usitie chumvi."

"Umeandika kwamba godoro lilifika Jumanne. Godoro halina miguu, binti. Huletwa."

"Basi sema lililetwa. Lakini usiongeze jingine, Babu." Akasogea karibu. "Huyu wa Jumanne ameungua mkono, kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alimshikishia bomba la moto, na si bahati mbaya. Sasa anamtafuta kanisa kwa kanisa, maana kuna mtu kamwambia wanawake hufichwa makanisani."

Nilipopanda mimbarini, mkono ule ulipanda pamoja nami. Nilisoma habari za wagonjwa, za wafungwa na za nguo. Nikafika kwenye magodoro. Macho yalikuwa juu ya karatasi, lakini nilichokuwa nikikiona ni ngozi ya mwanamke nisiyemjua, ikiwa imejikunja kama plastiki iliyokaribia moto.

"Robo hii magodoro matatu yamepokelewa," nilisoma. "La mwisho alifika Jumanne, akiwa na mto mdogo, na anaendelea vizuri."

Nililisikia kosa baada ya kulitamka, kama mtu anavyosikia sahani ikiisha kuanguka. Kicheko kikapita kwenye mabenchi.

"Leo mwenyewe kateleza," alisema mama mmoja wa kwaya, kwa sauti ambayo hakuona haja ya kuificha.

"Godoro limepata roho," mwenzake akajibu.

Mchungaji naye alitabasamu, kisha tabasamu likakauka. Mjukuu wangu, katika benchi la tatu, hakuinua kichwa. Na huko nyuma, karibu na mlango, palikuwa na mwanamume mmoja ambaye hakucheka. Alikuwa mgeni kwangu. Aligeuza shingo polepole, akawatazama wanawake safu baada ya safu, kisha akanitazama mimi, na hakuondoa macho mpaka baraka zilipotolewa.

Nilikawia makusudi kwenye chumba cha mchungaji. Nilipotoka nilimkuta mgeni yule amesimama mlangoni, ameushika ukingo wa mlango kama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Alinipa mkono. Mikono ya shati lake ilikuwa na vitundu vidogo vidogo vyeusi, alama za cheche. Shati lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Nilitaka kurudisha mkono wangu, nikakuta bado anao.

"Umesoma vizuri," alisema. "Hilo godoro la Jumanne, ni saizi gani?"

"Sijakuelewa."

"Nauliza tu. Wale mama pale wananiambia miaka yote wewe hujawahi kukosea ngeli, hata usingizini. Leo umekosea. Na umekosea penye godoro tu." Alitabasamu kwa adabu. "Mke wangu kaondoka Jumanne, mwalimu. Na mtoto wa miezi minne. Mimi si mtu mbaya. Nataka changu tu."

Wakati huohuo mjukuu wangu alitokea upande wa pili wa jengo, amebeba begi. Kila Jumapili baada ya ibada huenda kwenye nyumba ile kubadilisha bendeji, na nyumba iko mitaa minne tu kutoka kanisani. Fundi hakuhitaji tena jibu langu. Alihitaji kumfuata tu.

"Yule dada ndiye anayehudumia magodoro?" aliuliza.

Mjukuu wangu alituona, akasimama. Akienda, ataongoza njia. Akikaa, ataulizwa. Mimi uongo sikuujifunza utotoni, na katika umri huu sikujua huanzia wapi. Jambo moja tu nililiona wazi: mtu huyu aliamini kwamba mimi sikosei. Imani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwongoza kwenye mlango wa nyumba ile, na ilikuwa mikononi mwangu kuivunja.

"Binti," niliita, nikiipaza sauti ili waliokuwa uani wote wasikie, "miwani wangu amekwenda wapi? Alikuwa hapa mezani na vitabu wenzake."

Wale mama wa kwaya waliokuwa bado wanachekeana waliacha kucheka.

"Mlango huyu ananitazama," niliendelea. "Mwambieni meza anipishe, nataka kwenda nyumbani kwake."

Nilisikia maneno hayo yakinitoka kinywani kama meno yanayong'oka. Miongoni mwa waliosimama pale walikuwamo watu niliowafundisha wao, kisha nikawafundisha watoto wao.

Sijui mjukuu wangu alinielewa kwenye neno lipi. Alikuja kwa haraka ya kiuguzi, isiyo mbio, akaushika mkono wangu mwingine.

"Babu, miwani iko usoni kwako."

"Nani yuko usoni?"

"Miwani, Babu." Akamgeukia fundi. "Samahani, kaka. Kaanza hivi tangu mwezi uliopita, nyumbani tumekuwa tukificha. Juzi kagombana na kabati, anasema halikumwamkia."

Alidanganya vizuri, kwa sauti iliyochoka kama inavyostahili. Hilo si mimi niliyemfundisha.

Fundi aliuachia mkono wangu, lakini hakuondoka. Alilitazama begi.

"Na humo mna nini?"

"Dawa za mzee."

"Begi lote hilo dawa?"

Alinyoosha kidole mpaka kikagusa zipu. Humo ndani, nilijua, mlikuwa na bendeji, marhamu ya kuungua, na fulana mbili za mtoto mchanga. Nilijaribu kutafuta neno jingine baya la kusema, na ulimi ukakataa. Ndipo nikahisi joto likinishuka mguuni, mpaka ndani ya kiatu. Hilo sikuliigiza.

Fundi alitazama chini, akarudi nyuma hatua mbili, akaufuta mkono wake kwenye suruali, mkono uleule alionishikia.

"Pole, dada," alisema. "Mpeleke mzee akapumzike."

Mjukuu wangu hakwenda kwenye nyumba ile. Alinipeleka nyumbani kwa njia ndefu, akinishika kiwiko, na mimi nilitembea kwa kuburuta miguu kwa kuwa sikuweza namna nyingine. Nyuma yetu nilisikia viatu. Vilitufuata mpaka duka la kona, vikakaa hapo kitambo, kisha sikuvisikia tena. Hatukugeuka. Kabla ya saa kumi mchungaji alikuwa amempigia simu mama mlezi, na mwanamke yule na mtoto wake wakapakiwa garini na kupelekwa mji mwingine. Sikuambiwa ni upi, wala sikuuliza.

Siku ya Alhamisi walikuja wazee wa kanisa. Walizungumza nami taratibu na kwa sauti kubwa, wakinishika bega. Walisema nimetumika sana, na kwamba taarifa zitasomwa na kiongozi wa kwaya. Mchungaji alikuwamo. Alitazama sakafu muda wote, kwa maana hata wao hawakupaswa kuijua siri. Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mke wangu namna ya kunifungia mlango ili nisipotee.

Jumapili iliyofuata mjukuu wangu aliniongoza ndani kama mgonjwa, akaniketisha mbele, mahali pa wasiojiweza. Nyumba ilikuwa imebakiwa na wanawake wawili, na siku iliyotangulia alikuwa ameingia wa tatu.

"Fundi yupo?" nilimuuliza.

"Benchi la nyuma," alisema, akinitengenezea kola. "Usigeuke."

Sikugeuka. Niliinamisha kichwa, nikaulegeza mdomo, nikakaa hivyo mpaka mwisho wa ibada, nikiyahisi macho yake kwenye kisogo changu.