Kaseti ya Barrie Othick

Barrie Othick alikuwa amemwona Len Tasker, mpiga gitaa la besi wa bendi ya Tanuri, jukwaani mara mia moja na kumi na mbili, na kama hukuijua idadi hiyo basi hujawahi kukaa naye dakika tano. Alimtajia daktari wa meno huku mdomo umejaa pamba. Aliitaja kwenye mazishi ya mama mkwe wake, na mkewe hajamsamehe mpaka leo.

Jumapili ile, mwezi mmoja baada ya Len kuzikwa, mashabiki wa bendi ya Tanuri walikutana saa nane mchana kwenye klabu ya wafanyakazi ya Rotherham, mji wa kaskazini mwa Uingereza, ukumbi uleule alioanzia Len. Walikuwa watu arobaini hivi. Wanaume walikuwa wamejibana ndani ya fulana za bendi walizonunua enzi zile wana kiuno, na wake zao wachache walikuwa wamekuja kuangalia kama dawa za presha zimemezwa. Palikuwa na chai, bia na pai ndogo za nyama ya nguruwe. Noreen, mjane wa Len, aliliweka gitaa la besi la mumewe juu ya kiti mbele yao na kusema kwamba atamwachia yule aliyemsikiliza Len kwelikweli. Wasimulie, yeye ataamua.

Ungewaona. Stuart Pogson, fundi bomba mstaafu, aliapa kwamba siku moja kule Hull besi ya Len ilimng'oa jino bovu bila ganzi. Aliyemfuata alisema yeye alizirai. Wa tatu naye alizirai, tena mara mbili, maana hakutaka kupitwa. Kila mmoja alieleza alivaa nini, alisimama wapi na mvua ilimnyeshea kiasi gani akisubiri mlango ufunguliwe. Len alipigaje, hilo hakuna aliyeligusa. Noreen alikoroga chai yake na kuitikia kwa kichwa.

Barrie aliwaacha wamalize upuuzi wao. Nyumbani alikwisha kupigilia misumari miwili juu ya televisheni, tayari kwa kulitundika gitaa. Alilitaka mno. Miaka thelathini na nne alikuwa karani wa ghala, hakuna aliyemwita kwa jina, lakini kwenye foleni za Tanuri watu walisogea kumpisha. Leo akilikosa gitaa lile, atabaki mzee fulani tu mwenye fulana iliyombana.

"Shemeji," alianza, akasimama, "hawa wamesimulia. Mimi nimeleta ushahidi."

Akatoa kaseti iliyofungwa kwenye leso.

Watu walisogeza viti karibu. Kila shabiki aliijua habari ya Novemba ya mwaka sabini na saba. Usiku ule, kwenye ukumbi huohuo, Len alipiga kwa mara ya mwisho kile kipande chake cha peke yake, dakika tisa za besi tupu. Hakukipiga tena maisha yake yote. Wengine walisema ni vidole, wengine walisema aligombana na mpiga ngoma. Barrie alikuwa na maelezo yake, na alikuwa ameyatoa kwa miaka zaidi ya arobaini: katikati ya kipande, Len aliacha kupiga, akamnyooshea kidole yeye Barrie, akamwambia kwamba ni yeye tu anayeelewa. Baada ya hapo angempigia nani tena? Na kaseti hii aliirekodi mwenyewe usiku huohuo.

"Umeshawahi kuisikiliza?" Stuart aliuliza.

"Kaseti kama hii haichezwichezwi ovyo, bwana. Ingekatika. Na mimi nilikuwepo, nisikilize ya nini?"

Wakaichomeka kwenye redio ya klabu. Kwanza makofi, kisha besi, nzito, ya taratibu, ikitafuta njia yake. Noreen aliweka kijiko chini na kufumba macho. Raha hiyo ilidumu kama sekunde kumi.

"Sikia hapo," ilisema sauti ya kijana, karibu kabisa na kinasa. "Hapo anaingia. Unajua mimi hii ni mara yangu ya saba? Kule Leeds alikipiga haraka zaidi. Subiri, subiri, sasa anapanda. Si nilikwambia? Kule Leeds nilisimama karibu zaidi. Hizi njegere za hapa nazo zina chumvi."

Ikaendelea hivyo. Dakika tatu, nne, za Barrie Othick wa miaka ishirini na mbili, na nyuma yake, kama jirani anayesogeza kabati, Len Tasker. Halafu besi ikakatika.

"Wewe mwenye koti la ngozi," ilisema sauti ya Len, kwenye kipaza sauti. "Ukimaliza unistue, na mimi niendelee."

Watu wa mwaka sabini na saba walicheka. Watu wa Jumapili ile nao wakacheka. Kwenye kaseti, kijana alimwambia mwenziwe kwa furaha isiyo na mfano: "Umesikia? Ameongea na mimi." Kisha bendi nzima ikaingia na wimbo mwingine.

Barrie aliizima redio. Aibu ilimshika hasa. Stuart tayari alikuwa anawaambia wa meza ya pili kwamba siku ile yeye alisimama nyuma ya Barrie kabisa, na alimkanya.

"Shemeji," Barrie alisema kwa sauti ndogo, "nimekutana na Len mlango wa nyuma mara ngapi? Sitini? Sabini? Kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba ni mimi niliyemkatiza?"

Noreen alikuwa anaifunga mikanda ya mfuko wa gitaa, alirudishe nyumbani.

"Alijaribu, Barrie," alisema. "Kila mara ulikuwa katikati ya kumsimulia alivyopiga."