Karatasi Niliyotia Saini Ndani ya Eda

Dalali alifika Jumatatu asubuhi, vitumbua vyangu vya mwisho bado viko motoni. Hakupiga hodi. Alikuja na kopo la rangi nyekundu, akaandika kwenye ukuta wa mbele: INAUZWA JUMAMOSI.

"Baba, nionee huruma," nikamwambia. "Vyumba vyenyewe viwili, na kimoja kinavuja."

"Mama Najat, mimi natumwa tu. Lipa milioni mbili na laki saba, riba na faini humo humo, nitakuja kufuta mwenyewe."

Jirani yangu Irine alikuwa anaanika nguo. "We Lemburis, hiyo S umeigeuza! Kumbe hata kuuza nyumba ya mjane kunataka shule!"

"Nikija kwako nitaandika vizuri."

Irine akarudi kwenye nguo zake. Na yeye ana mkopo.

Deni lilianza kwa mume wangu, Shamsudin. Aliuza vipuri vya pikipiki hapa Kimandolu, akakopa kwa dhamana ya nyumba. Mwaka jana presha ikamchukua. Kabla hajaswaliwa, shemeji yangu Msafiri alisimama mbele ya jeneza akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu aje kwa familia. Tumefundishwa kwamba roho ya muumini hufungwa na deni lake mpaka lilipwe.

Wa kwanza kuja alikuwa Dismasi, afisa mikopo wa kampuni iliyomkopesha. Mimi nilikuwa eda, mwezi wa kwanza. Mwanamke wa eda haendi ofisini, wala haketi na mwanamume wa kando. Basi Dismasi akakaa sebuleni, mimi nyuma ya pazia, na Msafiri akawa anapitisha karatasi.

"Shemeji, ni za kuhamishia deni kwako tu. Bila hivyo marehemu atabaki anadaiwa."

"Umezisoma?"

"Kiingereza kitupu. Lakini jamaa ni mtu mzuri, kaja na sukari kilo tano."

Nikatia saini karatasi tatu. Uso wa Dismasi sijauona mpaka leo.

Miezi saba nililipa elfu arobaini kila Ijumaa. Kisha mchele ukapanda, nikaanza kuruka wiki. Kampuni ikalikabidhi deni kwa wakusanyaji, nao wakawapigia simu wateja wangu, wakampigia hata ustadhi anayemfundisha Najat. Nikakimbilia SACCOS ya mama lishe nikope nilipe. Katibu akanigeuzia kompyuta. "Mama, unasomeka mdaiwa sugu. Kwa jina hili hakuna atakayekukopesha hata ndoo."

Sasa zilibaki siku tano. Jumanne niliuza kitanda na kabati. Jumatano nilikwenda Usa River kwa Msafiri. Alinipa elfu ishirini, na hakuweza kunitazama usoni. Najat akauliza tutalala wapi Jumamosi. Nikamwambia amalize uji.

Alhamisi nikaenda ofisi ya kampuni mjini, kuomba mwezi mmoja tu. Binti wa mezani, Nashipae, akanipa shikamoo. Nilipotoa kitambulisho, cheti cha kifo kikatoka pamoja nacho, maana karatasi zangu zote hukaa mfuko mmoja. Akakisoma, akabonyeza mashine yake, akabonyeza tena.

"Mama, mkopo wa huyu baba ulishafungwa."

"Umefungwa na nani?"

"Bima. Kila mkopaji anakatwa bima, akifariki inalipa lililobaki. Ililipa wiki ya sita baada ya msiba."

Nikashika meza. "Kwa hiyo hadaiwi?"

"Hadaiwi kitu."

Nikasema alhamdulillahi, nikalia mbele za watu. Mwaka mzima kila sijda nilikuwa namwombea afunguliwe. Ndipo akili ikanirudia. "Basi mimi nalipa nini?"

Nashipae akafungua faili jingine. "Wewe una mkopo wako. Milioni tatu, kwa dhamana ya nyumba ile ile. Umesaini hapa kwamba umezipokea taslimu."

"Sikupokea hata mia."

Akatazama mlango wa meneja, akashusha sauti. "Dismasi aliacha kazi ghafla. Na si wewe wa kwanza kusema hivyo, mama."

Meneja, bwana Gadiel, alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Alipomaliza kunisikiliza alitoka, akarudi na karatasi ya Kiswahili. "Mama yangu, tusifike mbali. Kampuni inakusamehe lililobaki. Saini hapa, mnada unafutwa leo leo."

Mkono wangu ulishaifikia kalamu. Wallahi nilitaka kusaini. Lakini safari hii hapakuwa na pazia. Nikasoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari, hivyo hivyo nilivyofundishwa darasa la pili. Gadiel akatazama saa yake. Mstari wa nne ulisema: Nakiri kwamba nilikopa na kupokea fedha hizo, na nimeshindwa kulipa.

"Nikisaini hivi, jina langu litasafishwa?"

"Jina litabaki hivyo miaka kadhaa. Lakini nyumba unayo."

"Na mbele ya Mola nitakuwa nimeshuhudia nini?"

"Mama, hiyo ni lugha ya ofisi tu."

Nikamfikiria Najat na godoro lake juu ya sakafu. Kisha nikapiga mstari juu ya yale maneno kwa kalamu yake, nikaandika: Sikukopa, sikupokea. Nikatia saini.

Gadiel alipoiona, ule upole ukamtoka. "Hii siwezi kuipeleka popote. Na Jumamosi iko palepale."

"Nitaipeleka mimi. Polisi kwanza, halafu kwa wanaowapa leseni. Nitolee nakala."

Akaisoma upya ile karatasi, mstari kwa mstari. Mwishowe akachukua simu.

"Lemburis? Ile ya Kimandolu simamisha. Sijasema futa, nasema simamisha. Siku thelathini, tunachunguza." Akaiweka chini. "Umesikia mwenyewe. Nenda nyumbani ukapumzike."

Siku thelathini si nyumba. Na kwenye kompyuta zao mimi bado ni mdaiwa sugu. Sikuinuka.

"Iandike," nikamwambia. "Kwa Kiswahili, na mhuri."