Mlango wa Kina Mwajabu

Usiku wa jana niliota niko kazini, utadhani mchana haunitoshi. Mimi ni mdodosaji: napita nyumba kwa nyumba na dodoso la kifafa cha watoto, na nyumba nikiimaliza naupiga mlango wake tiki ya chaki. Kazi yangu naijua, nisifundishwe.

Ndotoni vifafa vyenyewe ndivyo vimepanga foleni mezani kwangu. Cha kwanza kinaanguka, kinatetemeka mwili mzima, kinajikung'uta vumbi, kisha kinaingia kwenye kisanduku chake kwenye fomu. Cha pili kinarusha mkono mmoja tu, nacho kinapata kisanduku. Kisanduku cha Mengineyo kinalalamika kuwa kimevimbiwa, nimezidi kukishindilia. Nakiambia kivumilie.

Cha tatu kimesimama tu, kinanikodolea macho.

"Unaanguka?" nauliza. Ndilo swali la kwanza.

"Sianguki."

"Basi wewe si kifafa. Anayefuata."

Kinanikodolea tena, na hapo nusu ya sentensi yangu inatoweka. Kushtuka, chai yangu ya mezani imepoa, meza imekuwa dawati, na mwalimu amenisimamia na fimbo. Anataka nirudie alichosema sasa hivi. Wallahi sijui. Nachapwa tatu za kiganjani kwa kuzubaa, na zinauma kwelikweli.

Jirani yangu kwenye dawati ni Mwajabu, mtoto wa miaka minane. Mama yake nilimdodosa Jumanne.

"Mimi kila siku," ananinong'oneza.

Nikakumbuka. Mama alisema mwanawe haanguki, ila huganda kidogo, mara nyingi kwa siku, na shuleni anachapwa. Niliandika Hapana, nikafunga dodoso, nikaenda kula. Kumbe kuganda nako huweza kuwa kifafa. Aibu ikanishika.

Mara mlango wa kwao ukaingia darasani, ukajibanza kati yetu.

"Nifute hii tiki," ukasema. "Mimi hujanimaliza."

Nikaueleza kuwa utaratibu hauruhusu. Ukasema basi na wenyewe hautoki. Nikaifuta kwa kiwiko.

Nimeamka alfajiri. Kiwiko changu ni cheupe kwa chaki, na chaki niliiacha ofisini tangu Jumanne. Kiganja kinaniwasha.

Nimebeba dodoso jipya. Kwa mama Mwajabu nitafika, lakini naanzia shuleni kabla kengele haijagongwa. Yule mwalimu nina maneno naye.