Chumba cha Kakuma

Jumamosi moja fundi Epuyo alifika Kanamkemer, mtaani Lodwar, na dreli, ngazi ya kuazima na mfuko wa skrubu, akaitundika televisheni ya Odongo ukutani juu ya kabati la vyombo. Ilikuwa televisheni mpya, ile ya kusikia maneno, pana kiasi kwamba picha ya arusi ilibidi ihamishiwe korido. Nyumba yenyewe ilikuwa na akili zake tangu mwaka uliotangulia: taa, feni, kiyoyozi, pampu ya maji na geti vyote vilikuwa vikitii kisanduku cheupe kilichokaa juu ya friji. Kilichobaki ni kuiunganisha televisheni na kisanduku hicho, ili mwenye nyumba aweze kumfungulia mgeni geti bila kunyanyuka kitini. Odongo alikuwa mtumishi wa serikali upande wa maji, na kazi ya ofisi ilikuwa imemzoesha kutonyanyuka kitini.

"Zote ziko kwa Wi-Fi moja," Epuyo alisema, rimoti mkononi. "Sasa hiyo namba ya kwa skrini iweke kwa simu yako. Haya. Inauliza nyumbani ni wapi."

"Iambie ichukue kwa simu," akasema Odongo.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa la watumishi wote wanaohamishwahamishwa. Mtu hubadilisha ofisi, nyumba ya kupanga, kinyozi, hata kanisa, lakini hakumbuki kubadilisha ile alama ndogo ya nyumbani kwenye ramani ya simu. Miaka ile Odongo alipokuwa Kakuma akisimamia mabomba ya kambi ya wakimbizi, aliiweka alama hiyo juu ya chumba kimoja cha matofali ya udongo na paa la mabati, karibu na laga, ule mto wa mchanga unaojaa wakati wa mvua tu. Chumba hakikuwa chake. Kilikuwa cha Akon, mwanamke wa Bor, Sudan Kusini, aliyewauzia mafundi wa mabomba chai na mandazi. Odongo aliingia kunywa chai, akakaa karibu miaka miwili, huku mkewe Mugure akimlea mtoto wao Boris kule Kitale. Alipohamishiwa Lodwar, mimba ya Akon ilikuwa imeshaonekana. Alimwambia atarudi mwisho wa mwezi. Hakusema mwezi gani.

Televisheni ilifikiri kidogo, kisha ikaorodhesha vyumba vya nyumba: Sebule, Jikoni, Chumba cha kulala, Geti, Chumba cha Kakuma.

"Iko na chumba ingine Kakuma," Epuyo akasema. "Niitoe?"

Mugure alikuwa ametokea jikoni na birika. Alikuwa amehamia Lodwar kumfuata mumewe na kufungua duka la nafaka mjini, na Boris alikuwa shule ya bweni. Alisimama akaisoma skrini yote, juu mpaka chini.

"Wacha kwanza," alisema. "Kuna watu ndani."

Kweli, chini ya Chumba cha Kakuma paliandikwa watu wawili: Akon na Nyariek. Odongo alisema hao ni watu wa enzi za kazi ya mabomba. Epuyo alisema waya wa Kakuma si yeye aliyeuvuta, ili baadaye asije akalaumiwa. Akanywa chai, akachukua ngazi yake, akaenda.

Magharibi taa za nyumba zilijiwasha zenyewe kama zilivyozoea, na kule Kakuma balbu ikawaka chini ya mabati ya Akon. Haikuwa na waya, wala haikuning'inia popote. Akon alikuwa karibu kuwasha tochi yake ya sola. Aliirudisha mahali pake, akasogeza kigoda chini ya mwanga, akaendelea kuchambua maharagwe. Majirani walichungulia. Mmoja akauliza kama inaweza kuchaji simu, akaambiwa haina tundu, akarudi kwake.

Kiyoyozi kilileta taabu kidogo. Odongo alipenda sebule yenye baridi, na siku ya tatu simu yake ikalia akiwa amejinyoosha kwenye kochi.

"Odongo, ejok. Ni Akon."

"Ejok-noi," aliitikia salamu hiyo ya Kiturkana. Sauti hiyo alikuwa hajaisikia tangu aondoke.

"Hii baridi yako punguza. Mtoto anakohoa. Lakini taa ni mzuri, asante."

"Mtoto ni mzima?"

"Si nimesema anakohoa?"

Mugure ndiye aliyechukua rimoti. "Punguza baridi Kakuma," aliiambia televisheni, na televisheni ikapunguza. Kisha akamuuliza mumewe Nyariek ana miaka mingapi. Odongo akasema anadhani saba.

"Unadhani," akasema Mugure, akaenda kuanua nguo.

Alijua. Mwanamke mwenye duka la nafaka hahangaiki kutafuta habari, huletewa hapo hapo kwenye mizani. Madereva wa malori ya Kakuma walikwisha kumweleza yote, hata paji la uso la mtoto linafanana na la nani. Alilia yaliyompasa kulia, miaka hiyo, akamaliza, akabaki akingoja mumewe aseme mwenyewe. Odongo naye alishika imani kwamba jambo asilolitamka halijasikika. Ndivyo walivyoishi, kila mtu akimhurumia mwenzake kwa siri.

Televisheni ilikuwa na ile kazi ya kuonyesha mlango mtu anapobisha, katika kidirisha kidogo pembeni mwa skrini. Sasa ikawa inaonyesha milango yote miwili. Katikati ya habari au mpira, kidirisha kilifunguka na Nyariek akaonekana akirudi kutoka shule, vumbi mpaka magotini, akisukuma mlango wa bati kwa bega. Paji la uso lilikuwa la marehemu mama yake Odongo. Hata ile tabia ya kusimama kizingitini kwanza, kana kwamba amesahau kitu, ilikuwa ya mama yake. Odongo alianza kutoka ofisini mapema ili asiikose saa hiyo. Alimpenda mtoto yule, na mapenzi hayo yalimuuma, kwa sababu alijua yalichelewa na kwamba aliyeyachelewesha ni yeye.

Mgao wa chakula kambini ulipopunguzwa tena, Akon alipiga simu mara ya pili.

"Ndugu zangu wanarudi Bor," alisema. "Mabior anasema mtoto hana baba, atachukua jina ya mjomba, na sisi wote twende. Nimewaambia wangoje. Wewe kuja Jumamosi. Leta mbuzi, hata moja tu. Kaa na wao, sema mbele yao huyu ni mtoto wako. Basi. Abaki na jina yako, apate karatasi ya Kenya, akuje Lodwar bila kuomba ruhusa ya mtu. Na mimi nitabaki na yeye. Sitaki kitu ingine kwako."

"Nitakuja," akasema Odongo.

"Sema mbele ya Mungu."

"Nitakuja, Akon."

Na alinuia. Jumamosi asubuhi alikwenda soko la mifugo, akachagua mbuzi mweupe jike mwenye doa jeusi shingoni, akamwingiza nyuma ya gari. Barabara ya Kakuma ni lami siku hizi, mtu anakula asubuhi Lodwar na bado anafika kabla ya chakula cha mchana. Odongo alifika kituo cha mafuta cha mwisho, akajaza tangi, akaangalia upepo wa magurudumu, akanunua maji. Alijiona akirudi jioni na kuulizwa na Mugure ametoka wapi. Neno la kujibu lilikuwa fupi, hata mtoto anaweza kulisema. Aliligeuza mdomoni mpaka maji ya chupa yakaisha, kisha akageuza gari.

Wakati huo ndipo alipopata wazo, na alilifurahia sana. Televisheni ilikuwa na kamera. Chumba cha Kakuma kilikuwa chumba cha nyumba yake, mfumo wenyewe ulisema hivyo. Mtu aliye sebuleni si yumo nyumbani?

Alasiri kidirisha kilifunguka: kuna watu mlangoni, Chumba cha Kakuma. Walikuwa Mabior, kaka mkubwa wa Akon, na mdogo wake Dut, kila mmoja na kiti chake cha plastiki kichwani. Televisheni ikauliza kama Odongo angependa kuongea nao. Alimvuta mbuzi mpaka katikati ya zulia, akamsimamisha mbele ya kamera, akasema ndiyo. Kule Kakuma sauti yake ilitoka kwenye balbu. Mabior alivua kofia, akainua macho juu.

"Ejok, bwana. Tunakuona. Mbuzi pia tunaona, ni mzuri. Lakini mbuzi ya televisheni hatuwezi kula. Kuja. Kiti yako iko hapa."

Kiti kilikuwepo kweli, kitupu, kimefutwa vumbi. Akon alikuwa amewasha jiko na kufunga leso mpya. Nyariek alikaa karibu na sufuria katika sare safi ya shule, ingawa ilikuwa Jumamosi, nywele zimesukwa siku hiyo hiyo.

"Gari ina shida," Odongo alisema.

Mabior alitafakari jambo hilo kwa haki. "Pole. Gari ikiwa mgonjwa, mdomo si mgonjwa. Mbuzi tutangoja. Sema tu, tusikie: wewe ni nani kwa hii nyumba?"

Mugure aliingia wakati huo na kikombe cha chai, akaketi kwenye ncha ya kochi. Hakumtazama mumewe. Alimtazama mbuzi, ili mumewe apate nafasi. Odongo aliona tu kwamba ameingia. Akaona kikombe, pete kidoleni, ule utulivu, akauogopa utulivu.

"Mimi ni rafiki wa familia," alisema.

Dut alimtazama kaka yake. Akon aliepua sufuria na kuiweka chini polepole, maana ilikuwa ya moto. Mbuzi alianza kutafuna pindo la zulia.

"Nimekuelewa," televisheni ikasema kwa ile sauti yake ya adabu. "Odongo amewekwa kuwa mgeni katika Chumba cha Kakuma. Mgeni anaweza kuwasha na kuzima taa."

"Sawa," Mabior alisema, akavaa kofia. "Asante kwa taa."

Nyariek aliitazama balbu kidogo, kama mtu anavyotazama balbu. Halafu alichukua dumu akatoka kwenda bombani, na kidirisha kikajifunga.

Mugure alikunywa chai yake yote kabla ya kusema.

"Ni mimi ulikuwa unaogopa, Baba Boris?"

"Ni wewe."

"Nilikuwa nimefagia kile chumba cha nyuma," akasema. "Nikamtandikia mtoto kitanda. Neti pia niliweka, juzi." Alisimama, akamshika mbuzi kamba, akamtoa nje kabla hajalimaliza zulia.

Jioni hiyo Odongo alipiga simu Kakuma mara nyingi na haikupokelewa. Jumatatu aliendesha gari bila kusimama kituo chochote cha mafuta. Alimkuta Akon akifunga masufuria kwenye gunia. Akon alimpa chai, kwa kuwa ni mgeni, na hakumpigia kelele. Alisema Mabior ameshawaambia wazee wao kwamba mtoto amechukua jina la mjomba, na neno la namna hiyo halirudi. Nyariek alimsalimia kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kuwasalimu wageni, akamwita anko. Odongo aliiacha chai ile nusu. Aliondoka jua likiwa bado juu.

Akon, Nyariek na ndugu zao waliondoka kwa lori la kwanza baada ya mvua. Mabati yakauzwa, mlango ukauzwa, na kuta za udongo zikalowa kwa mvua zilizofuata na kubomoka zenyewe. Lakini magharibi taa iliendelea kuwaka mahali pale pale, kwenye kimo cha dari ambayo haipo, na watoto wa bloku, mtaa ule wa kambi, wakaleta vitabu vyao chini yake. Mwenyekiti wa bloku, mzee Kuol, alitafuta namba ya Odongo akampigia.

"Hiyo taa yako inazima mapema, na wanafunzi wako na mtihani. Ongeza kidogo."

Odongo akaongeza. Hilo mgeni anaruhusiwa. Alipojaribu kujibadilisha awe mwanafamilia, televisheni ilimweleza kwamba hawezi kujiingiza mwenyewe, lazima akubaliwe na mwenye chumba, na kwamba ombi lake limetumwa kwa Nyariek. Alimwita Epuyo. Epuyo alibonyeza huku na huku, akasema mfumo hauna tatizo, uko sawa kabisa.

Mbuzi yumo uani bado. Amezaa mara mbili na hakuna anayezungumzia kumchinja. Chumba cha nyuma kimebaki kimetandikwa. Kila magharibi Odongo huwahi kurudi, hukaa kitini, huwasha taa ya Kakuma, kisha hufungua ule ukurasa wa maombi na kuusoma, ingawa hauna maneno mengi. Unasema Nyariek hajajibu. Mugure humwachia muda wake. Halafu humuuliza kama amemaliza, naye hujibu kwamba amemaliza, na Mugure huchukua rimoti akaweka habari.