Kisogo cha Kwenye Kadi

Gundi ilikuwa inakaukia kwenye brashi, na Mama Bahasha bado amekodolea macho kisogo cha mwanamke mwingine.

Kazi yake kiwandani ilikuwa kubandika bahasha ndani ya riwaya ya mapenzi. Riwaya nzima ni barua na kadi za posta. Barua unaichomoa kwenye bahasha yake, na kila kadi ina picha. Picha zilichorwa na mumewe, na hapo ndipo palipomkaa kooni. Yule mwanamke wa kwenye kadi haonyeshi uso hata mara moja. Awe dirishani, awe kitandani anasuka nywele, amegeuka tu, na chini ya kisogo ana vidoti viwili vyeusi. Vidoti namna ile mtu habuni. Huviona mahali.

"Huyu nani?" alimuuliza mumewe.

"Wa kwenye hadithi."

Basi, akarudi kwenye penseli yake. Dalili ya mvua ni mawingu, mke akajiambia, na raha ikamtoka. Akawa anachungulia shingo za watu: ya wifi yake, ya jirani, hata ya mama mwenye nyumba, bibi wa watu mwenye wajukuu! Sanduku lake la nguo lilikwisha fungwa, lipo uvunguni. Alichongoja ni jina tu.

Siku hiyo shoga yake wa meza moja alikuja kumfunga kamba za aproni, akaangua kicheko.

"Mwenzangu, mwenye vidoti unamtafuta wapi, nawe unatembea navyo?"

"Acha utani."

"Haki ya Mungu. Hapa na hapa."

Mama Bahasha akajipapasa shingoni. Ngozi tupu, laini. Hakuamini.

Jioni alikaa palepale anapokaa miaka yote, dirishani penye mwanga, akikunja bahasha, mume mezani nyuma yake na kadi za kitabu cha pili. Safari hii alitega sikio. Akiinama, penseli inakwaruza. Akiinua kichwa, inanyamaza. Akainama tena, ikakwaruza.

Akageuza kiti.

"Mbona hunichori uso?"

Mume alishtuka kama mwizi wa sukari. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Uso wako umenipa lini, mke wangu?"

Mama Bahasha akabaki vilevile, amemwelekea, na penseli ilikuwa bado haijagusa karatasi.