Hati ya Bata Mzinga

Watu huniuliza nani alianzisha mzaha huu wa rais kumsamehe bata mzinga siku ya sikukuu. Wanadhani ni rais mwenyewe. Ni mimi, mpiga chapa wa ofisi yake, na laiti ningekatwa vidole vyote kumi kabla ya siku ile.

Zamani sikukuu ilikuwa na orodha. Asubuhi rais alisaini majina ya wafungwa aliowasamehe, kumi au kumi na wawili, na mchana walikuwa makwao. Mwaka ule jina la tisa lilikuwa la mdogo wangu. Alimsukuma mwenzake katika ugomvi wa kiwandani, mwenzake akaangukia mashine na hakuinuka tena. Alihukumiwa miaka thelathini. Alikuwa ametumikia kumi na mmoja, na alishaanza kukohoa damu.

Kumbe siku hiyo Mzee, ndivyo tulivyomwita rais, aliamka na kisirani. Alimfokea dereva, akamtimua daktari, akarudisha mafaili mawili bila kuyafungua. Katibu wake wa habari akaninong'oneza, "Leo huyu hasaini kitu. Labda umchekeshe."

Uani palikuwa na bata mzinga, zawadi ya wafugaji, kafungwa mguu akimsubiri mpishi. Nikachukua karatasi ileile ya misamaha nikachapa: Mfungwa, Bata Mzinga. Kosa, kunenepa. Adhabu, kisu. Tabia kizuizini, njema. Nikaiweka juu ya orodha, nikaipeleka yote mezani kwake.

Mzee alisoma, akacheka mpaka akavua miwani. Nikajisemea, mambo yameiva. Akaagiza waandishi wa habari waitwe, akashuka uani, akasaini hati ya bata mbele ya kamera na kumpakata kama mjukuu. Kisha akapanda gari kwenda kula sikukuu kwa wakwe zake. Nilipopanda juu nilikuta orodha mezani, haijaguswa.

"Usijali," katibu akaniambia. "Atasaini kesho."

Kesho yake magazeti yote yalikuwa na bata ukurasa wa mbele. Hata wapinzani walimsifu Mzee, watu ambao hawajawahi kumsifia hata salamu. Siku ya tatu katibu alinirudishia orodha, macho yake yakiangalia dirishani.

"Mzee anasema bata anatosha. Ukimwachia mfungwa akarudia makosa, lawama zote ni zako. Bata hana makuu."

"Na mwaka kesho?"

"Mwaka kesho tutatafuta bata mnono zaidi."

Hakuwa anatania. Mzee aliondoka madarakani, wawili wamemfuata, na hawapatani kwa lolote isipokuwa bata. Orodha haijachapwa tena. Mimi nilipandishwa cheo kwa ubunifu. Kila mwaka natunga kosa jipya la bata, nchi nzima inavunjika mbavu, nami naona aibu hata kujitazama kwenye kioo. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia ndugu yangu.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona gerezani. Amebaki macho na mifupa. Sijawahi kumwambia nani alichapa hati ya kwanza, wala mama hajui. Tulikaa kwenye benchi la wageni, askari amesimama pembeni.

"Dada," akasema, "sisi huku tunamwona yule bata kwenye televisheni ya bwalo. Hivi alifanya nini?"

"Hakufanya kitu."

"Sasa anasamehewa nini?" Akakohoa kwa muda mrefu, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyeua mtu. Mwambie mkubwa wako, mwenye haja ya msamaha niko huku."

Nikamwambia nitamwambia. Akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia kila mwaka, askari akamshika mkono kumsaidia kuinuka.

Niliporudi ofisini katibu wa habari wa sasa alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ananisubiri kwa furaha. Mwaka huu wanataka bata wawili.