Ngoma ya Mama Kipa Getini

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, basi la mashabiki lilikuwa limeshauacha mji nyuma, na katibu wao alisimama katikati ya viti akitoa maagizo ya safari.

"Ndugu zangu, tunakwenda ugenini! Jezi zifunikwe mpaka getini. Asitembee mtu peke yake. Chupa za maji zisiwe na vifuniko. Na ngoma..."

Neno hilo lilitosha. Mama Kipa, fundi viatu, aliyeketi nyuma kabisa na ngoma mapajani, alidhani ameitwa. Akaishindilia viganja, basi zima likalipuka kwa nyimbo, na maneno yaliyosalia ya katibu yakamezwa yote. Midomo yake tu ndiyo iliyoonekana ikichezacheza.

Furaha ilikuwa imempanda Mama Kipa mpaka utosini. Kifungua mimba wake angedaka ugenini kwa mara ya kwanza, katika timu ya wanawake. Walipoagana, msichana aliushika mkono wa mama yake, mkono mgumu wenye harufu ya gundi.

"Mama, huko watanizomea. Nikiisikia ngoma yako tu, nitatulia."

"Utaisikia, mama. Hata wakiniketisha juu ya paa, utaisikia."

Getini, mlinzi aliigeuza ngoma huku na huku, akatikisa kichwa.

"Ina ngozi juu na chini. Haiingii. Nitajuaje mmeficha nini ndani?"

"Nifiche nini, mwanangu? Hewa!"

"Basi na hiyo hewa niione, mama. Upande mmoja uwe wazi."

Mama Kipa akamgeukia katibu. "Baba, mbona hukutuambia?"

"Nilisema mpaka koo likakauka! Si wewe uliyenipigia ngoma?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Kipa hakucheka. Ndani ya uwanja filimbi ililia, kisha ukaja mzomeo mrefu, mzito, wa maelfu ya vinywa. Alijua anayezomewa ni nani.

Akaketi chini palepale, akaibana ngoma kwa magoti. Ukanda mmoja wa ngozi ndio uliovuta pande zote mbili. Ukiitoa ngozi ya chini, ya juu inalegea kama shavu la bibi kizee. Mafundo yalikuwa yamekauka, hayafunguki kwa kucha wala kwa meno. Mlinzi akamwazima mkasi. Mama Kipa akavuta pumzi, akakata. Ukanda ukaanguka vipande vipande, na ngozi ya chini ikabanduka.

"Kamba za viatu!" akapaza sauti. "Vueni, nyote! Na wewe katibu, lete mkanda wako."

"Na suruali yangu?"

"Utaishika, baba. Mikono si unayo?"

Mkanda ukazungushwa chini ya tumbo la ngoma, ukabanwa usiweze kupanda. Kisha vidole vikaanza kazi vilivyoizoea: kamba inapita tunduni mwa ngozi ya juu, inashuka mkandani, inavutwa, inakazwa, nyeusi, nyeupe, nyekundu, ya njano. Akagonga kwa ncha ya kidole. Ikajibu kwa uvivu. Akakaza tena, jasho likimdondoka puani. Akagonga. Safari hii ngoma ikaamka.

Mlinzi akatumbukiza mkono mpaka begani, akautoa mtupu.

"Piteni, mama. Kimbieni!"

Wakazipanda ngazi mbio, viatu vikiwapwaya na kupiga makofi sakafuni, katibu nyuma yao kaikumbatia suruali. Juu kabisa, mwanga ukawapiga usoni. Uwanja wote ulikuwa unazomea. Mpira ulikuwa umewekwa kwenye alama ya penalti, na mshambuliaji wa wenyeji alikuwa akirudi kinyumenyume kujipimia. Golini alisimama msichana peke yake, mabega yamemshuka.

Mama Kipa hakungoja kutafuta kiti. Akapiga.

Kule mbali, kichwa kikainuka. Msichana hakugeuka kutafuta sauti ilikotoka. Alipiga hatua moja mbele, akakanyaga mstari, akaifungua mikono yake taratibu, mipana kama mlango.

Ukimwona mtu anafunga safari ya ugenini na ngoma yake, msimulie haya kabla basi halijaondoka.